Mizani ya Myahudi na Kopo la Mama Mkwe

Wajukuu zangu, pamoja na ninyi mnaosoma bila kuwa wajukuu zangu, natangulia kuwaambia kwamba humu ndani mna mkojo. Asiyependa aishie hapa, akasome maisha ya watakatifu, ingawa nao nadhani walikuwa wakitoka nje usiku.

Naitwa Kasiani. Nimepima ufuta hapa Songea mpaka mgongo ukachukua umbo la mtu anayesoma mshale wa mizani, na siku hizi hata nikienda kupokea komunyo naonekana kama nachungulia kilo. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililirudia, si kwa mapenzi. Kwa hiyo mkiona habari imekwenda porini, msiikimbilie. Itarudi yenyewe na kuni kichwani.

Kilichonishikisha kalamu ni mjukuu wangu Fausta, anayeuza viatu vya mtumba kwa simu. Juzi nilimkuta uani anapaka rangi kiatu chakavu, kisha akakipiga picha kwa upande mmoja, ule ambao haujachanika. Nikamwambia, Fausta, kuna wazee wa Kiyahudi walikataza hicho unachofanya, tena zamani sana, kabla sisi Wangoni hatujavuka Zambezi. Akaniuliza kama hao wazee walikuwa na simu. Nikamjibu simu hawakuwa nayo, walikuwa na punda, na punda mzee alikuwa akirembwa akauzwa kama kijana, ndiyo maana wakakataza. Akacheka, akaendelea kupaka. Nikaona kwa mdomo nimeshindwa.

Sasa nisikilizeni. Wakati ninaousema, kabla ufuta haujaanza kwenda kwenye minada na maghala ya ushirika, mtu yeyote mwenye mizani na banda la mabati aliweza kujiita mnunuzi. Asiye na mizani alikuwa na kopo. Kopo hilo tuliliita kangomba, na mwenye kulitumia naye tukamwita kangomba, maana mtu na chombo chake walifanana. Lilisemwa kuwa ni la kilo moja. Lakini lilikuwa limegongwa kitako kwa nyundo mpaka likatuna kwa chini kama shavu la mtoto mwenye pipi. Mkulima anamimina, anamimina, kilo haijai.

Wenye mizani nao hawakuwa malaika. Kuna aliyebana springi kwa kipande cha waya. Kuna aliyekuwa na goti refu linalojua kuinua sahani kwa chini huku uso wake ukiangalia milimani kama anayewaza mambo ya mbinguni. Alanus, mnunuzi mkubwa kuliko wote barabara ile ya kwenda Tunduru, alining'iniza rozari kwenye mizani yake. Mkulima akifika anafanya kwanza ishara ya msalaba, halafu anaibiwa.

Na wakulima je? Mkulima alijua ataibiwa, kwa hiyo alichanganya mchanga. Mnunuzi alijua anauziwa mchanga, kwa hiyo aliiba zaidi. Jua likizama kila mtu alikuwa amemwibia mwenzake sawasawa, tunapeana mikono, tunaulizana habari za nyumbani. Ilikuwa amani ya namna yake. Ukitaka kuivunja amani ya namna hiyo, leta mtu mmoja mwaminifu.

Akaja Baruku.

Alikuwa Myahudi, mfupi, mwenye kofia ambayo haikutoka kichwani hata kwenye joto, na Kiswahili alichojifunza Nairobi, kinachechemea lakini kinafika. Alitafuta ufuta wa kupeleka kwao, wanausaga laini wanapaka kwenye mkate kama sisi tupakavyo karanga. Akakodi banda hatua chache kutoka la Alanus, akatafuta mpimaji. Wapimaji wote walimwogopa Alanus isipokuwa mimi, kwa sababu mimi alikuwa ameshanifukuza. Goti langu lilikuwa limeanza kuuma, na mpimaji asiye na goti hakumfaa.

Mji ulikuja kumtazama. Sisi Wakatoliki hatukuwa tumewahi kumwona mtu wa ukoo wa Bwana Yesu kwa macho. Katekista mmoja alivaa koti kabisa, akamuuliza kama Nazareti anapajua. Baruku akasema anapajua sana, foleni ya magari ya huko inakera. Katekista akarudi nyumbani amenyong'onyea. Halafu kila Ijumaa jioni jua likishuka Baruku anafunga banda, hagusi kazi mpaka Jumamosi jioni, hata kama wakulima wamepanga foleni. Waislamu wakasema huyu Ijumaa anaijua ila anachelewa. Sisi tukasema Jumapili anaijua ila anawahi.

Siku yangu ya kwanza kazini alinipa kitambaa. Nikadhani cha jasho. Kumbe ni cha sahani ya mizani. Ilikuwa mizani kubwa ya mawe, ya sahani mbili, na kila mkulima akimaliza kupima ninatakiwa nifute sahani kabla ya mwingine hajaweka. Mawe yenyewe nayafuta kila wiki. Nilimuuliza kama ana ugonjwa. Akasema wazee wao waliliamua hilo zamani, na akanionyesha sababu, nami nawapa ninyi bure, mkafanyie kazi hata dukani. Ufuta una mafuta, na mafuta yanashika vumbi. Vumbi likiganda kwenye sahani ya mzigo, linamlalia mnunuzi. Likiganda kwenye jiwe, linamlalia mkulima. Hakuna mtu aliyekusudia kuiba, na bado mtu ameibiwa. Nilikuwa nimepima nusu ya maisha yangu na sikuwahi kuwaza kwamba uchafu nao una upande wake.

Watu walinicheka. Wakaniita mfuta ufuta. Alanus akipita anasema, "Kasiani, ukimaliza hapo njoo unifutie na madirisha."

Mambo ya Baruku yalikuwa mengi. Gunia hulipambi juu kwa ufuta mweupe huku chini umeweka wa kijivu. Kibarua wa leo analipwa leo kabla jua halijazama, maana ameshaitazamia hela yake. Siku moja alinikuta nauliza bei ya baiskeli sokoni, akajua sina nia ya kununua, akanigombeza njia nzima. Alisema nimempa mtu tumaini kisha nimemnyang'anya. Jioni nikamsimulia mke wangu Skolastika, ambaye alikuwa akienda sokoni kuuliza bei kama watu waendavyo mpirani. Akaniambia nimrudishie huyo Myahudi salamu, nimuulize Musa alikuwa na wanawake wangapi jangwani wasiouliza bei.

Lakini lililonikaa ni hili. Alisema kwao wazee wanafundisha kwamba mtu akifa, swali la kwanza analoulizwa huko juu ni kama alifanya biashara kwa uaminifu. La kwanza, wajukuu. La sala linakuja baadaye. Mimi miaka yote nilijiandaa kuulizwa habari za misa, majibu nilikuwa nayo, hata visingizio vya masika. Sasa naambiwa mtihani umebadilishwa na mimi nimekaririshwa somo lingine.

Basi ile mizani ya haki ikaanza kutuua. Mkulima aliyezoea kuibiwa alikuja na mchanga wake wa kawaida, akakuta haibiwi, mchanga ukalipwa bei ya ufuta. Habari ikafika Lusewa haraka kuliko bodaboda. Magunia yakaja mazito mpaka unasikia yanakwaruza. Mimi nilikuwa na bambo, ile fimbo ya chuma yenye mfereji unayoichoma kwenye gunia ikakuletea punje za katikati, na hata bila bambo mkono wangu ulijua. Ukiuzamisha mpaka kiwiko ukakuta baridi, ufuta una maji. Ukikuta kucha zinauma, una mchanga. Nikamwambia Baruku tutegeshe jiwe kidogo tu, tukate kidogo kwa kila gunia, kiasi cha mchanga. Haki itarudi mahali pake. Niliona ni wazo la Kikristo.

Akakataa. Alisema mchanga wa mtu ni dhambi ya mtu, jiwe langu ni dhambi yangu, na aliyeleta ufuta safi atalipa mchanga wa nani? Badala yake akatengeneza chekecheke pana kama mlango, likawekwa mbele ya mizani. Ufuta unachekechwa mbele ya mwenyewe, ndipo unapimwa. Na mchanga unaobaki? Baruku alikuwa anaufunga kwenye mfuko, anamkabidhi mkulima kwa mikono miwili, anasema, "Mzee, mali yako hii, usiisahau." Wanaume wazima walikuwa wanaondoka na kamfuko ka mchanga mkononi, foleni nzima inawaombea safari njema. Baada ya muda mfupi ufuta ulikuwa unakuja safi kiasi kwamba chekecheke lilipata utando wa buibui.

Siku ile aliyonikatalia kutegesha jiwe ndiyo lilipotoka lile neno. Tulikuwa tunakunywa chai. Akaniambia kwao jiwe la uongo au kipimo cha uongo si kwamba hutumii tu, hata kukaa nacho nyumbani hairuhusiwi.

"Hata kama hupimii chochote?" nikamuuliza.

"Hata kama hupimii."

Nikafikiri kidogo. "Hata kama kuna mtu anakojolea?"

Nilitegemea acheke. Akaweka kikombe chini. "Hilo wazee wetu walilizungumza. Hata kama ni la mkojo."

Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Wanaume wenye ndevu, wajukuu zangu, wasomi wa sheria za Mungu, walikaa kikao, ajenda ikawa kopo la mkojo, na hakuna aliyetoka nje kucheka. Akanieleza sababu yao. Leo chombo kina kazi hiyo. Kesho mwenyewe hayupo, mwingine anakiokota, hajui, anapimia. Kisha akanikazia macho. "Kasiani, wewe umeuliza kama mtu mwenye kopo."

Ni kweli, kopo lilikuwapo. Baba mkwe wangu, marehemu Yordani, alikuwa kangomba hodari kule Namtumbo kote mpaka Tunduru. Alivaa suti, aliitwa mheshimiwa, na benchi moja la kukalia kanisani lilikuwa na jina lake. Alipofariki, mjane wake, Mama Kunegunda, akaja kukaa kwetu Mshangano, akaja na godoro, msalaba na lile kopo. Lilikuwa na nafasi nzuri, si mmeelewa lilivyotanuliwa. Mama akaliweka chini ya kitanda kwa shughuli za usiku. Kila asubuhi analisugua kwa majivu mpaka linang'aa, analianika peke yake kwenye mti wa uzio. Mimi nililiona kila siku nikienda kazini, na kila siku nilijifanya sijaliona.

Hapa lazima niwafundishe kitu, maana ninyi siku hizi mnapiga picha na mama wakwe mmeshikana viuno. Sisi mama mkwe tulimpisha njia. Sikuwahi kuingia chumbani mwake, sikula naye sahani moja, na kama kuna neno kati yetu lilipitia kwa Skolastika. Nilikuwa nimekaa na yule mama nyumba moja misimu kadhaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia mwenziwe neno ana kwa ana zaidi ya salamu ya kutazama chini. Sasa mtu huyo ndiye nikamwombe chombo chake cha mkojo?

Nikamwomba Skolastika anisaidie. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Baba Yustin, nenda mwenyewe ukamwambie mama yangu habari za mkojo wake."

Nikasema tumnunulie la plastiki, tumbadilishie kimyakimya. Akasema mama atauliza ni nani aliyekuwa anachunguza la zamani. Na Baruku kila asubuhi ananiuliza kama limetoka. Alisema mjini watu hawamjui yeye, wanamjua Kasiani wa mizani, kwa hiyo kilichomo nyumbani kwangu kimo bandani kwake. Nikawa namjibu kama wanavyojibu maofisini, kwamba suala linashughulikiwa.

Msimu ukafika kileleni. Baruku alikuwa ameahidi mzigo kwao na ghala letu bado lilikuwa na pengo kubwa. Ndipo akafika Mzee Athumani kutoka Namasakata, na lori zima la ufuta wa wakulima wenzake. Walikuwa wamesikia huko kwao kuna mizani inafutwa, wakapita wanunuzi wote wa njiani kuja kwetu. Baruku aliniambia wazi tangu alfajiri. Lori hilo likishushwa kwetu, tunajaza, na msimu ujao yupo. Likigeuka, anafunga banda, anarudi kwao, nami nikatafute goti jipya.

Tulianza vizuri. Athumani alisimama pembeni na kanzu yake, anatazama kitambaa kinavyopita kwenye sahani, anatikisa kichwa taratibu. Akasema hata kwao wamefundishwa ole wao wanaopunja vipimo, ila hajawahi kumwona mtu anayeogopa mpaka vumbi. Gunia la kwanza tukalifungua.

Alanus akaingia. Ameshika lile kopo kwa mikono miwili kama padri aliyeshika kalisi.

Alikuwa amepita Mshangano asubuhi ile, akaliona kwenye uzio, na akalitambua, kwa sababu ujanani aliwahi kumbebea marehemu Yordani magunia. Akalichukua. Wala hakuuliza ni la kazi gani. Mwizi haulizi matumizi.

Akasalimia watu wote vizuri, akampa na Mzee Athumani shikamoo yake. Kisha akasema wazee wangu mmetoka mbali, msije mkadanganywa na kitambaa. Hiki ni kipimo cha kangomba, na kimetoka nyumbani kwa huyu anayefuta. Hapa mnafutiwa sahani, wenzenu huko vijijini wanajazishwa hili. Akalizamisha kwenye gunia la Athumani, akalijaza mpaka juu, akalimimina kwenye sahani yangu safi, akaweka jiwe la kilo upande wa pili. Sahani ya ufuta ikashuka chini puu, jiwe likaning'inia hewani kama mtu aliyesahauliwa juu ya mti.

Akarudia mara ya pili ili wa nyuma nao waone. Kisha akachota kiganja kutoka ndani ya kopo, akatupia mdomoni, akatafuna kwa madaha kama wafanyavyo wanunuzi. "Na ufuta wenyewe ni mzuri," akasema. "Dhambi kuuleta kwa watu hawa." Uliobaki akaurudisha kwenye gunia, akakoroga.

Mzee Athumani akanigeukia. "Kasiani, kopo hili limetoka kwako?"

"Limetoka kwangu, mzee."

"Ni la nani?"

Sasa hapo. Niseme ni la nani? Mbele ya wanaume wote wale nitamke mama mkwe wangu na mkojo katika pumzi moja? Kwetu ni afadhali ukamatwe na ufuta wa wizi. Nikamtazama Baruku aniokoe. Angeweza kusema hajui lolote, watu wangemwamini, mimi ningebeba peke yangu.

"Nililijua," Baruku akasema. "Nilimwambia alitoe. Hajalitoa."

Ule nao ulikuwa uaminifu, lakini nawaambia ukweli, siku ile ningependa kidogo asiwe nao. Athumani alimwashiria dereva kwa kidole. Vijana wakaanza kurudisha magunia juu, na lori likawashwa.

Ndipo tukamwona Mama Kunegunda anakuja, amejifunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza, Skolastika anamfuata nyuma anamshikashika mkono kama wa kumzuia. Alikuwa anatafuta chombo chake tangu asubuhi, na jirani aliyekuwa anafagia alimwambia aliyekichukua. Njia nzima kutoka Mshangano amekuja kwa miguu. Akamsalimia Mzee Athumani kwanza, taratibu, akaulizia na safari. Hakunitazama mimi. Akamgeukia Alanus, akanyoosha mkono.

"Alanus, naomba kopo langu la kukojolea."

Alanus aliacha kutafuna. Akatazama kopo. Akatazama kiganja chake. Ulimi wake ulikuwa unatafuta mahali pa kukaa mdomoni na haupati.

"Mama, hili ni la Mzee Yordani," akasema kwa sauti ndogo. "La kununulia."

"Lilikuwa. Akiwa hai aliwapunja nalo watu, nanyi mkamwita mheshimiwa, na mimi nilivaa viatu kwa hela hiyo, nikanyamaza. Alipokufa nikasema basi, nalikojolea. Mkwe wangu hajalishika hata siku moja. Hata kulitazama huwa anaogopa, mwoneni."

Watu wakanitazama. Nilikuwa nimeinamia viatu vyangu.

Aliyeanza kucheka ni Mzee Athumani, kwanza mabega, kisha tumbo, mpaka akashika ubao wa lori. "Yordani," akasema. "Kumbe ndilo hili. Mama, mimi nimelijaza hili kopo tangu kijana."

"Hata mimi," mama akasema. "Kila usiku."

Basi hapo hakuna aliyebaki mzima. Dereva alizima lori kwa sababu hakuweza kushika usukani. Mmoja wa wakulima akamuuliza Alanus kama chumvi imetosha. Alanus alikuwa ameshatoka nje, tunasikia akitema, na kwa muda mrefu mjini hapa ukitaka kumwondoa kwenye kikao ulikuwa unamkaribisha ufuta tu.

Magunia yakashushwa. Lakini msidhani yameisha. Baruku alikuwa amesimama kando ya lile gunia lililokorogwa, ameshika kidevu.

Mzee Athumani akasema achote wa juu autupe, twende kazi. Mama Kunegunda akakasirika kidogo, akasema kopo lake linasuguliwa kwa majivu kila asubuhi na ni safi kuliko mikono ya wote waliomo humo bandani. Mimi nikasema, na nilikuwa na hakika nimesema neno la busara, kwamba ufuta unavuka bahari, huko utaoshwa, utakaangwa, utasagwa, nani atajua?

"Ndiyo hiyo shida," Baruku akasema. "Hawatajua."

Alisema kwao kuna wizi wa mali na kuna wizi wa akili. Wizi wa akili ni kumfanya mtu aamini kitu ambacho kama angejua ulichonacho moyoni asingeamini. Mtu anapaka mkate anadhani ufuta umetoka shambani moja kwa moja. Ukimwachia adhani hivyo, umemwibia hata kama hakuugua tumbo. Akalipima gunia lile kama mengine, akamlipa Athumani kamili, maana mkosaji si yeye, kisha akaliweka peke yake pembeni. Hilo halipandi meli.

Halafu akamwendea mama, akaomba kopo lipondwe. Akaomba kwa heshima, maana ni mali ya mjane. Mama akasema lipondeni, ila anataka jingine kabla jua halijazama, yeye ni mtu mzima hawezi kulala kwa ahadi. Baruku akaenda mwenyewe dukani, mbio, akarudi na la plastiki, la bluu, lenye mfuniko. Mimi nikapewa kazi ya kuponda. Nililiponda kwa lile jiwe la mizani mpaka likawa bapa kama chapati. Skolastika aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuniona nafanya kazi kwa moyo namna ile.

Likabaki lile gunia. Baruku akasema kuliuza hapa hapa si vibaya, watu watanunua kwa mbegu au kwa kula, ila kila mnunuzi lazima aambiwe kilichotokea kabla hajatoa hela. Na muuzaji ni mimi.

Mteja wa kwanza alifika asubuhi iliyofuata. Nikamwambia ufuta huu bwana una historia. Akauliza historia gani. Nikasema kuna chombo kiliingia. Chombo gani? Chombo cha nyumbani. Cha nani? Nikakohoa. Akadhani kuna sumu, akaondoka. Wa pili nikamweleza habari za wazee wa Kiyahudi tangu mwanzo, akaondoka kabla sijafika katikati. Mpaka adhuhuri nilikuwa sijauza hata kisado.

Kumbe mama mkwe alikuwa ameleta chakula changu na Skolastika, amesimama mlangoni anasikiliza. Akaingia, akavuta kigoda, akakaa kando ya gunia. Kisha akasema nami. Ana kwa ana, bila kupitia kwa mtu.

"Mkwe, nenda kale. Hii kazi hukusomea."

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu, na baada ya hapo tuliongea mpaka alipofariki, tena tuligombana vizuri sana.

Basi akawa yeye ndiye muuzaji. Akija mtu anamwambia papo hapo, bila kupunguza sauti: ufuta huu umechotwa kwa kopo langu la kukojolea, lilikuwa limeoshwa, mwenye kulichukua ni Alanus, na amekula. Watu wanashika mbavu, wanaita wenzao waje waambiwe, na wakishaambiwa wanaona aibu kuondoka bure. Gunia likashuka upesi kuliko nilivyotegemea.

Jioni alifika mama mmoja wa Lusewa, anatafuta ufuta wa kula. Akaelezwa yote, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akatoa hela, akapimiwa kilo zake, nikafuta sahani. Alipofunga mzigo wake akabaki amesimama.

"Sasa mama, ufuta wenyewe ndio huu, na hata nyongeza hakuna?"

"Nyongeza nimeshakupa," mama mkwe akasema. "Kwingine ungekula bila kuambiwa."